Farasi wangu anataka teke kila hatua, nifanyeje asikie mguu mwepesi?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nina farasi dume aliyehasiwa, miaka 9, niko naye mwaka na nusu sasa. Mpole sana ila mvivu mno, uwanjani kila hatua mpaka nimpige teke, nikiacha tu anasimama. Nikishuka mapaja yanatetemeka. Kocha anasema nimpige kwa nguvu zaidi na nianze kuvaa vile vyuma vya kisigino. Cha ajabu tukitoka nje, wakati wa kurudi zizini anatembea mwenyewe tena haraka. Nifanyeje aitikie mguu mwepesi kama farasi wa wenzangu?

Marahaba dada yangu, na pole na hayo mapaja. Naanza na kitu kimoja: farasi wako anausikia mguu wako, tena anausikia vizuri sana. Kesho asubuhi akiwa amesimama tu, hajafungwa tandiko, kaa pembeni umwangalie ubavuni. Nzi akitua pale utaona ngozi inaruka, na inaruka pale pale alipotua yule nzi, eneo kama kiganja cha mkono, kwingine kote kimya. Chini ya ngozi ya farasi kuna msuli mpana, mwembamba, kazi yake ndo hiyo ya kutikisa ngozi. Sasa nzi ana uzito gani? Na mguu wako unakaa ubavu huo huo. Kwa hiyo watu wakikwambia huyu ana ubavu mgumu, huyu ubavu umekufa, wanamsingizia. Alichofanya ni kujifunza kwamba mguu hauna maana yoyote, na waliomfundisha ni wapandaji wake, wewe na waliokutangulia, bila kukusudia.

Ila tusirukie mafunzo bado. Farasi asiyetaka kwenda mbele mimi namchukulia kwanza kama mgonjwa mpaka nijiridhishe sio. Daktari wa mifugo wa Uingereza anaitwa Sue Dyson pamoja na wenzake walitengeneza orodha ya tabia 24 za kuangalia farasi akiwa amepandwa, kama masikio kulala nyuma kwa muda, kuchapachapa mkia, kufungua mdomo kila saa, na ukiona 8 au zaidi basi uwezekano wa maumivu ni mkubwa. Na unajua nini, kukataa kwenda mbele mpaka apigwe teke imo kwenye hiyo orodha, na kusimama mwenyewe tu imo. Yaani kile tunachokiita uvivu, daktari anakiandika kama dalili.

Mwangalie akiwa huru bila mtu mgongoni, akikimbia mwenyewe uwanjani, je anajiachia au anaburuza kwato? Ukimletea tandiko anafanyaje, anageuza kichwa, anataka kuuma, anajaza tumbo upepo ukikaza mkanda? Ukishamaliza kumpanda toa tandiko uangalie jasho, kama mgongo wote umelowa halafu kuna kipande kikavu kama kiganja nyuma ya mabega, hapo mara nyingi panabanwa na tandiko. Pitisha vidole mgongoni pande zote mbili za uti, bonyeza kwa utaratibu kuanzia mabegani mpaka kiunoni, mgongo ukizama ghafla chini ya vidole au akiinua kichwa na kukaza, umeshapata jibu la kumpelekea daktari. Kwato, meno, minyoo, vyote viangaliwe. Na tumbo: tumbo la farasi linatoa asidi muda wote hata kama hali chochote, na mate ya kuipunguza makali yanatoka akitafuna tu, kwa hiyo farasi anayekaa saa nyingi bila nyasi anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, na mwenye vidonda hataki kubanwa tumbo na mguu wa mtu, ungekuwa wewe ungetaka? Mpe nyasi kidogo kabla ya kumpanda, usimpande tumbo tupu.

Uzito pia tuseme ukweli. Wengi wetu tunatumia kipimo cha 20 kwa mia, yaani mpandaji na tandiko lake kwa pamoja wasizidi hapo, farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90. Na yeye mwenyewe kama ni mnene, mafuta yamejaa juu ya mbavu huzisikii ukipapasa, basi anabeba mizigo miwili. Huyo anahitaji kupungua na kujengwa pumzi taratibu kabla hujamwita mvivu. Wengine wanakimbilia kuongeza nafaka ili apate nguvu, mi sishauri, unapata farasi mnene mwenye woga na bado hasikii mguu.

Hiyo habari ya kurudi zizini mbio isikudanganye kwamba haumwi. Inaonyesha ana nguvu na ana sababu ya kwenda, ni habari njema, tutaitumia. Ila farasi mwenye maumivu naye anawahi kurudi kwa sababu anajua huko ndo utashuka mgongoni. Muite daktari kwanza.

Haya, tuseme daktari kaja, kila kitu safi. Sasa tuongelee mguu.

Farasi hajifunzi kutokana na kubanwa. Anajifunza kutokana na kuachiwa. Hapa ndo wengi tunapotea, tunafikiri mguu ndo unaomfundisha, wakati kinachomfundisha ni ile sekunde mguu unapotoka. Akifanya kitu fulani mguu ukaondoka papo hapo, kichwani kwake anaandika: hiki ndo kilichoondoa usumbufu, nitakirudia. Na ni papo hapo kweli, ukichelewa sekunde mbili tatu tayari ameshafanya jambo lingine na hilo lingine ndo atakalolishika. Sasa angalia mnachofanya wewe na yeye. Unapiga, anatembea, unapiga tena, anatembea, unapiga tena. Amekubali kutembea, umemlipa nini? Teke lingine. Akisimama anapata nini? Teke hilo hilo, au anapata mapumziko pale unapochoka. Kwa hesabu zake kutembea na kusimama ni bei moja, na kusimama hakuchoshi. Nikikaa upande wake namuona ana akili kabisa.

Kuna na lile la pili, mkono. Nimefundisha watu miaka mingi na nikipewa farasi mzito kitu cha kwanza nachoangalia ni mikono ya mpandaji kabla ya miguu. Mguu unasema nenda, mkono umeshika hatamu imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, inasema simama. Farasi kwenye mdomo ana chuma na ubavuni ana mguu, unadhani atasikiliza kipi? Mfaransa mmoja, François Baucher, mpanda farasi wa karne ya 19, uzeeni alifundisha kwamba mkono utumike bila miguu na miguu itumike bila mkono, na kwa farasi kama wako mi naliona hilo ndo dawa zaidi ya chochote. Unapomwambia nenda, mlango wa mbele uwe wazi kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza sio ya farasi, ni yako: toa mguu. Namaanisha kutoa kweli, sio kulegeza. Mpande atembee, halafu acha miguu ining'inie tu kama mtu amekaa juu ya ukuta, magoti yafunguke, visigino visimguse. Atapunguza mwendo, na mwili wako utataka kupiga kateke kadogo bila wewe kujua, utashangaa, mwambie rafiki akae pembeni akuhesabie. Nilikuwa na mwanafunzi aliapa kwamba hapigi, tukamrekodi na simu dakika mbili, visigino vilienda mara 71. Aliangalia ile video kimya. Akairudisha mwanzo, akaangalia tena. Kuanzia siku hiyo sikumfundisha tena habari ya mguu, alijifundisha mwenyewe.

Kabla hujapanda, mfundishe chini kwanza, siku mbili tatu dakika 10 zinatosha. Simama ubavuni kwake upande wa kushoto, uso wako umeelekea mbele kama yeye, mkono wa kushoto umeshika kamba bila kuvuta, mkono wa kulia una fimbo ndefu nyembamba. Gusa kwa ncha ya fimbo pale pale ambapo shavu la mguu wako hukaa ukiwa umepanda, nyuma kidogo ya mkanda. Gusa kama unamgongea mtu mlango usiku, unajua amelala hutaki kumshtua: ta, ta, ta. Usisimamishe. Kama hajasogea usiongeze nguvu haraka, ongeza haraka ya mapigo tu, ta-ta-ta-ta, inakuwa kero kama nzi anayerudi rudi. Atainua sikio moja, atahamisha uzito, bado gusa, halafu atatoa hatua moja mbele, na kwenye hiyo hatua moja fimbo inakufa kabisa, mkono chini, mkune shingoni pale mwanzo wa mabega wanapopenda. Subiri. Utaona anaramba midomo au anashusha kichwa. Rudia. Mara ya tano, ya sita, fimbo ikigusa mara moja ameshaenda. Nenda na upande wa kulia pia, manake alichojifunza kushoto kulia anaanza karibu upya.

Sasa panda. Simama naye katikati ya uwanja, hatamu ndefu, fimbo mkononi imelala juu ya paja. Kwanza kaa wima uvute pumzi, ujiandae kana kwamba wewe ndo unaanza kutembea. Kisha funga shavu la mguu pande zote mbili, kwa wepesi ule unaoutaka uwe wa maisha. Hili nalirudia sana kwa wanafunzi: usiombe kwa mguu wa kati na kati eti kwa sababu ni mvivu, omba kwa mguu ule ule unaoota kuutumia mwakani, kama unakandamiza sifongo bila kutaka maji yatoke. Hesabu moja. Kama ameenda, mguu unatoka, mkono unabembea mbele, msifu. Kama hajaenda usirudie mguu, usipige kisigino, leta fimbo nyuma tu ya mguu wako, ta-ta-ta ile ile aliyoijua chini, mpaka aende. Akienda kila kitu kinanyamaza, mguu na fimbo vyote.

Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi wanakiacha halafu wanasema njia imeshindwa. Baada ya fimbo kumsogeza, msimamishe kwa upole uombe tena kwa mguu mwepesi. Ile fimbo haikuwa somo, ilikuwa maelezo ya swali. Somo ni pale anapoulizwa tena swali lile lile dogo akajibu mwenyewe. Ukitumia fimbo halafu ukaendelea zako umemfundisha kusubiri fimbo, na atasubiri miaka.

Kuna wakati atajibu kupita kiasi. Umezoea gogo, ghafla gogo linaruka kwenda troti, ile mbio ndogo, au hata kanta, mbio ya kasi zaidi, na wewe kwa mshtuko unashika hatamu kujizuia, chuma kinampiga mdomoni. Dada yangu, hapo ndo farasi wengi wanaharibikia. Amefanya ulichomwomba kwa moyo wote akapigwa mdomo. Hatajaribu tena kirahisi, na akiwa mwerevu hatajaribu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuomba shika nywele za shingo kwa mkono mmoja, au funga mkanda wa zamani shingoni kwake wa kushikilia. Akiruka shika hapo, mwache aende hatua kumi, ishirini, mwambie vizuri sana, halafu mpunguze taratibu. Jibu kubwa kuliko swali lipokee kwa furaha kwanza, kulipunguza ni kazi rahisi ya wiki zijazo. Kama hujisikii salama akiruka, mwombe mtu anayekaa imara juu ya farasi ampande siku hizo mbili tatu za mwanzo, hakuna aibu hapo.

Akishaanza kwenda kwa mguu mwepesi, mwachie kazi ya kuendelea. Umemwomba atembee, kutembea ni jukumu lake mpaka umwambie vingine. Akipunguza bila kuambiwa usimbembeleze njiani kwa viteke, mwache apunguze kweli, akosee waziwazi, ndo uulize upya: mguu mwepesi, hesabu moja, fimbo ikibidi, kimya. Mwanzoni utauliza kila baada ya hatua sita. Vumilia. Zitakuwa kumi na mbili, halafu upande mzima wa uwanja, halafu mzunguko mzima, na siku ya kwanza mtakapozunguka mzunguko mzima mguu wako umening'inia tu hutaamini ukimya wake.

Ukifika hapo naomba ujifunze na tumbo lake. Akiwa anatembea funga macho hatua chache, mtu akiwa anakuangalizia, usikilize chini yako. Tumbo linayumba kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mguu wake wa nyuma wa kushoto unaponyanyuka kwenda mbele tumbo linasogea kulia, nyonga yako ya kushoto inashuka kidogo na mguu wako wa kushoto unaangukia ubavuni kwake wenyewe bila wewe kufanya kitu. Hapo ndo pa kuuliza, manake mguu wa nyuma uko hewani na anaweza kuupeleka mbali zaidi. Ukiuliza ukiwa umeshakanyaga ardhi na umebeba uzito hana cha kukupa hata akitaka. Kwa hiyo ukitaka atembee kwa hatua ndefu ni kushoto, kulia, kwa zamu, unalifuata tumbo linavyokuja, sio miguu yote miwili kwa pamoja kama unakamua ndimu. Watu waliojua hili unawaona wamekaa tu juu ya farasi hawafanyi kitu, farasi anaelea.

Mazoezi yenyewe yasiwe ya kuzunguka ukutani nusu saa. Hakuna kinachoua hamu ya farasi kama ukuta. Badilisha mwendo mara nyingi: tembea hatua kumi, troti hatua kumi, tembea hatua tano, simama, kutoka kusimama nenda troti moja kwa moja. Kila badiliko ni swali jipya na nafasi ya kumlipa. Weka magogo chini ayavuke, badilisha upande, dakika 20 zinatosha kabisa, akitoa jibu zuri kuliko yote ya siku hiyo shuka pale pale, katikati ya uwanja, legeza mkanda, rudi naye kwa miguu. Farasi anaujua uzito wa kushukiwa.

Na lile la kurudi zizini litumie hivi. Toka naye nje, mkiwa mnarudi na ana hamu, hapo ndo umwombe kwa ule mguu mwepesi kabisa atoke kutembea aende troti, dakika moja kabla hajataka mwenyewe. Atakwenda kama risasi. Msifu. Mnaporudi karibu na zizi mrudishe kutembea kwa hatamu ndefu, usimwache aingie mbio, ni tabia ya hatari. Kwa siku chache atakuwa amekusanya mara ishirini, thelathini ambazo mguu mwepesi ulimaanisha raha ya kwenda, na hiyo kumbukumbu anakuja nayo uwanjani. Ukipata eneo salama, ardhi nzuri, na mwenzio mwenye farasi mchangamfu mbele yako, mpe hata shoti kidogo. Farasi aliyesahau kwamba anaweza kukimbia anahitaji kukumbushwa na miguu yake mwenyewe.

Kuhusu vyuma vya kisigino, na hapa natofautiana na kocha wako kwa heshima zote: sio kwa farasi huyu, sio sasa. Vile ni kalamu ya ncha nyembamba kwa mtu ambaye mguu wake umeshatulia na farasi ambaye anajibu tayari, vinamwezesha kusema jambo dogo kwa usahihi zaidi. Kwa mguu unaopiga kila hatua vitamchubua, na baada ya mwezi atavizoea kama alivyozoea kisigino, utakuwa umebakiwa na nini cha kuongeza? Kumpiga kwa nguvu ni hivyo hivyo. Teke la leo likifanya kazi, la keshokutwa lazima liwe kubwa zaidi, na wewe ndo unayeshuka mapaja yanatetemeka.

Muda? Nikiwa na farasi kama wako, mabadiliko ya kwanza nayaona siku hiyo hiyo, ndani ya dakika 15 za kwanza. Ila kukaa ni wiki sita mpaka nane, na kuna siku ya tano au ya sita hivi atarudi kuwa gogo kama zamani, atakuuliza kama kweli umebadilika au ilikuwa mzuka tu. Siku hiyo usipandishe sauti, rudi kwenye kusimama, mguu mwepesi, hesabu moja. Na kama kuna watu wengine wanampanda, watoto, wageni, kaa nao chini uwaeleze, au mpumzishe nao kwa huo muda, kwa sababu dakika 30 za mtu mmoja anayepiga visigino zinafuta kazi yako ya wiki nzima.

Daktari akishamwona, andika hapa amesema nini, na uniambie upande gani anajibu polepole zaidi, kushoto au kulia. Wengi wana upande mmoja mzito, na mara nyingi chanzo ni sisi tunavyokaa tumeegemea, kwa hiyo siku ukimpanda muombe mtu akupige picha kutoka nyuma, akiwa amesimama sawa miguu yote minne, uone kama vikuku vyako vya kukanyagia vyote viwili viko usawa mmoja. Hiyo picha nitumie nayo.